Magoti Yaliyokwenda Dodoma

Tangu nirudi, kila ninayekutana naye hapa Bariadi, kuanzia stendi mpaka sokoni, ananiuliza swali lile lile: ilikuwaje? Nimesimulia mpaka Shangazi ananisahihisha, wakati yeye hakuwemo hata ndani ya chumba cha mtihani chenyewe. Basi nimeona niandike, mkishasoma mniache nipumzike. Habari za fomu, mihuri na kutafsiri vyeti nitaziruka. Nilizililia vya kutosha, sitaki kuwaliza na nyie.

Kwa asiyejua: mimi ni Minza wa Nkoma, na udaktari nilisomea Algeria, kwa Kifaransa. Mtu aliyesomea nje hashuki tu kwenye basi akaanza kutibu watu. Baraza la madaktari linampima kwanza, kwa karatasi, halafu kwa mdomo mbele ya mgonjwa wa kweli. Karatasi nilishafaulu. Mdomo nilifeli. Nilifungua kinywa mbele ya watahini kikatoka Kifaransa, nikakifunga, nikakifungua tena, kikatoka kile kile.

Kule Nkoma waliposikia nimefeli, hawakuelewa. Jirani yetu Bibi Holo alikuja na mguu wake umefungwa kitambaa, akaunyoosha mbele yangu. Nikamwambia siruhusiwi kumtibu, aende zahanati. Akauangalia ule mguu, akaniangalia mimi.

"Sasa huko ulikokaa miaka yote," akasema, "ulikuwa unasomea kukataa?"

Akaondoka akichechemea. Nawaambieni ukweli, maneno yale yaliniuma kuliko kufeli kwenyewe. Nikaomba kurudia mtihani, na moyoni niliapa kwamba nikishindwa mara hii sitakwenda tena. Baba naye alisema jembe liko pale pale nilipoliacha.

Nkoma hadi Bariadi, pamoja na gunia

Nilipanga kusafiri peke yangu. Shangazi Kabula, dada yake baba, alipanga vingine. Alfajiri ya safari nilimkuta amekaa juu ya gunia mlangoni kwetu, kitenge kipya, bangili zake zote mkononi.

"Mwangaluka, shangazi."

"Mwangaluka," akanijibu, halafu akashusha macho taratibu mpaka kwenye magoti yangu na kuyaacha hapo.

Hiyo ni kesi ya zamani. Kwetu binti anamsalimia mkubwa kwa kupiga magoti. Hakuna anayekaa chini kukufundisha, unakua tu na magoti yanajua yenyewe. Ndivyo nilivyokwenda nayo Algeria. Wiki ya kwanza hospitalini nikakutana na muuguzi mkuu, mama mtu mzima mwenye nywele nyeupe, nikashuka nimsalimie kwa heshima zote. Yule mama akapiga yowe. Wakaja watu wawili wakaninyanyua, wakanilaza kitandani, wakainua miguu yangu juu na kuninywesha maji ya sukari, wakidhani nimezimia. Kifaransa changu wakati huo hakikutosha hata kusema "hii ni salamu". Niliyanywa yote. Kuanzia siku hiyo nikajifunza kusalimia nimesimama, na nilijifunza vizuri sana, maana siku niliporudi nyumbani nilimsalimia Shangazi wima, mbele ya ukoo mzima uliokuja kunipokea. Hajanisamehe. Na mimi sijaomba msamaha, kwa sababu kosa si langu, ni la magoti.

"Unakwenda wapi?" nikamuuliza.

"Dodoma. Safari ile walikupiga ukiwa peke yako. Safari hii watatupiga wawili."

"Na gunia?"

"Michembe. Mtihani na njaa haviendi pamoja."

Michembe, kwa wenzangu wa Dar mtakaosoma hii, ni viazi vitamu vilivyokatwa vipande na kuanikwa juani mpaka vikakauka kabisa. Ukivichemsha unapata chakula kitamu. Usipovichemsha una gunia la vipande vigumu vyeupe visivyojieleza. Kumbukeni hilo, litakuja kutugharimu.

Tulipakiana kwenye bodaboda, gunia mbele kwa dereva na sisi nyuma. Hatukufika mbali. Lori la pamba lilikuwa limekwama kwenye mchanga wa mto mkavu, limeziba njia nzima, na dereva wake amekaa kivulini anasubiri msaada kutoka mjini. Shangazi akashuka. Akakusanya vijana waliokuwa wakichunga karibu, akawagawa, hawa wakate matawi, hawa wachimbe mchanga, akamwamuru na dereva wa lori aingie kwenye gari lake. Lilipochomoka wote walishangilia, na Shangazi akapanda bodaboda. Tulipofika stendi ya Bariadi basi letu lilikuwa limeshaondoka. Tukapanda lililofuata, na nina hakika tungewahi la kwanza nisingempata Mugisho.

Maswa, daktari mwenye bibi

Mugisho alipandia Maswa. Kijana mrefu, shati limepigwa pasi, mkononi bakuli la plastiki lenye mfuniko. Akakaa kiti cha ng'ambo yetu, akafumba macho na kuanza kunong'ona. Nilidhani anasali. Nikasikiliza vizuri: alikuwa anataja mishipa ya fahamu ya kichwa, mmoja baada ya mwingine, kwa Kifaransa. Akafika katikati akakwama. Nikamtajia uliofuata.

Alifumbua macho. "Mama! Wewe unajua?"

Alikuwa daktari kutoka Bukavu, Kongo, amesomea huko huko, na sasa anatafuta kusajiliwa Tanzania. Naye alikuwa anakwenda Dodoma kwenye mtihani ule ule. Sijui kama nimewahi kufurahi hivyo kumpata mtu. Shangazi alipoona tunaongea Kifaransa akadai tafsiri, kisha akaamua kumhoji mwenyewe. Akamfungulia matobolwa, yaani michembe iliyochemshwa, aliyofunga kwenye kitambaa kwa ajili ya njiani.

"Aksanti, mama. Iko tamu."

"Na Maswa umefuata nini, mwanangu?"

"Ni bibi yangu alinileta. Ni wa hapa Maswa. Tuko na batoto babili."

Shangazi akaacha kutafuna.

"Una watoto wawili," akasema polepole, "na bibi yako?"

"Ndiyo, mama. Na wa tatu anakuja."

Kile kitambaa cha matobolwa kilifungwa. Shangazi akageukia dirishani, akaniambia kwa Kisukuma maneno ambayo sitayaandika hapa. Nilicheka mpaka machozi, na ilinichukua muda kupata pumzi ya kumweleza kwamba kwao bibi ni mke. Alinisikiliza, akanitazama kama anayepima kama namdanganya, akamgeukia Mugisho.

"Huyo bibi ana miaka mingapi?"

"Ni mudogo, mama. Ananifikia hapa," akaonyesha begani.

"Gete?"

"Anauliza, kweli kabisa?" nikamtafsiria Mugisho, naye akaapa.

Kitambaa kikafunguliwa tena, na safari hii alipewa vipande vikubwa.

Mbele ya Maswa, tunapoharibikiwa

Tulipoiacha Maswa nyuma, kitu kikapasuka chini ya basi na tukasimama. Fundi akaingia chini, tukabaki kuiangalia miguu yake. Abiria wakashuka, wakatafuta vivuli, na mama mmoja aliyesema ametoka Sola akatuuzia karanga za kuchemsha. Kondakta alisema ni jambo dogo. Mlioishi huku mnajua maana ya jambo dogo.

Shangazi alishawatangazia watu wote kwamba kuna madaktari wawili, kwa hiyo haikupita muda akaja mzee mmoja mnene, mfanyabiashara wa dengu, akamvuta Mugisho pembeni. Si pembeni sana, maana sote tulisikia.

"Daktari, mimi nina tatizo la ngiri. Inanisumbua muda mrefu."

Mugisho akashtuka. Mke wake alikuwa amemwonya kwamba upande ule wanyama wa porini hawako mbali.

"Pole sana, papa! Ilikuuma wapi?"

"Huku chini."

"Ulikuwa unaikimbia?"

"Naikimbiaje? Ninalala nayo, ninaamka nayo!"

"Iko ndani ya nyumba?"

Pale karanga zikamwagika. Watu walicheka mpaka fundi akatoa kichwa chini ya basi kuuliza kuna nini. Mzee wa dengu akakasirika, akaona anadhihakiwa, na mimi ikabidi niingilie. Nikamweleza Mugisho kwamba ngiri ni mnyama, ndiyo, lakini pia ni utumbo unapoteremka kwenye kinena. Akashika kichwa. Halafu akafanya jambo lililonifanya nimheshimu: akamwendea yule mzee, akamwomba radhi kwa mikono miwili, akakaa naye kwenye majani akimchorea kwa kijiti kwenye vumbi jinsi utumbo unavyopenya, na kwa nini ni lazima aende hospitali akapasuliwe. Mzee aliuliza maswali mengi na akajibiwa yote.

Aliporudi alikuwa amenyong'onyea. "Ugonjwa ninaujua," aliniambia kwa Kifaransa. "Jina lake ndilo linaniangusha. Wakinipa mgonjwa anasema neno kama lile, nitafanya nini?"

"Uliza," nikamwambia. Ushauri mzuri sana kutoka kwa mtu aliyefeli.

Alicheka kidogo, nami nikamweleza yaliyonikuta mara ya kwanza. Tukapeana kazi. Kuanzia pale mpaka Dodoma yeye angekuwa mgonjwa na mimi daktari, kisha tubadilishane, na atakayetoa neno la Kifaransa anapigwa kofi la mkono na Shangazi. Tulipita Shinyanga, Nzega, Igunga na Singida tukiumwa magonjwa yote ya vitabuni. Shangazi hakuwa na huruma. Mkono wangu ulifika Manyoni umewaka moto, lakini Kifaransa kilikuwa kimeanza kuogopa kutoka.

Dodoma, gesti isiyopokea waganga

Tuliingia Dodoma usiku, tumechoka, vumbi mpaka masikioni. Mugisho alikuwa na shemeji wa kumpokea. Sisi tukaenda gesti moja karibu na stendi. Dada wa mapokezi alitukaribisha vizuri, akauliza tunatoka wapi.

"Bariadi," akasema Shangazi. "Tumekuja kwa ajili ya udaktari."

Yule dada akaangalia bangili za Shangazi. Akaangalia gunia, ambalo mdomo wake ulikuwa umefunguka na vipande vyeupe vinachungulia.

"Hizo ni nini?"

"Za huyu binti. Bila hizi kesho hawezi kufanya kitu."

Nikaona kabisa uso wa yule dada unavyobadilika.

"Samahani, mama. Hatupokei waganga."

"Mganga nani?" nikauliza.

"Tajiri amekataza. Mwaka ule alikuja mmoja kutoka huko huko kwenu, wateja wakakimbia wote." Alishainuka na alikuwa anaongea akirudi nyuma, macho yako kwenye gunia.

Nilijaribu kueleza Algeria, Baraza, mtihani, na kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyozidi kusikika mganga. Shangazi ndiye aliyemaliza mambo. Akachukua kipande cha mchembe, akakitia mdomoni kikavu vile vile, akakitafuna huku akimtazama. Mnajua ugumu wake. Ilichukua muda, na kelele zake zilisikika mpaka barabarani.

"Kiazi," akasema alipomeza. "Niletee sufuria."

Nusu saa baadaye tulikuwa jikoni kwa yule dada, yeye, mlinzi, na wageni wawili, tunakula michembe iliyochemshwa na karanga za kutwanga. Dada alifunga mingine kwenye mfuko akampelekee mama yake. Tulipewa chumba cha mbele chenye feni, na asubuhi chai tukakuta ipo tayari.

Asubuhi hiyo sikuweza kula. Shangazi alinirekebisha kola ya koti.

"Minza, hao unaokwenda kuwaona ni watu wazima. Basi."

Nilidhani ananitia moyo, kumbe alikuwa kwenye kesi ile ile ya zamani.

Chumbani

Nikaitwa. Ndani kulikuwa na watahini wawili: Profesa, ambaye ni mama mwenye miwani, na daktari kijana aliyeshika saa. Katikati kwenye kiti alikaa mzee wa Kigogo, shuka la mgolole begani, fimbo imelala mapajani. Jina lake aliniruhusu kulitaja, Mzee Chidawali.

"Mzee huyu anakohoa," alisema Profesa. "Zungumza naye, mpime kifua, kisha utueleze."

Nilikuwa nimejiandaa kwa kila kitu. Nitasimama upande wa kulia, nitajitambulisha, nitaomba ruhusa. Nikasogea. Mzee akainua uso, mikunjo kila mahali, na vile alivyoishika fimbo yake alikuwa babu yangu kabisa, babu wa Nkoma aliyefariki nikiwa Algeria, ambaye sikumzika.

"Shikamoo, babu," nikasema, na magoti yakashuka.

Sikuyaagiza. Nilikuja kushtuka niko chini sakafuni na koti langu jeupe, na yule daktari kijana ameruka kutoka kwenye kiti.

"Daktari! Uko salama? Mleteeni maji!"

Jamani. Nilivuka jangwa, nikarudi, na bado nililetewa maji. Tofauti ni kwamba haya hayakuwa na sukari.

"Ni salamu," nikasema, na nashukuru ilitoka kwa Kiswahili. Uso ulikuwa unaniwaka kwa aibu.

"Marahaba, mjukuu," akajibu Mzee Chidawali, yeye pekee aliyeona hakuna la ajabu. "Binti wa wapi wewe?"

"Nkoma, Itilima. Msukuma."

"Aa! Ndiyo maana. Nyie mkiona ng'ombe mnapiga magoti, sembuse mzee."

"Ng'ombe wenu wamekonda, babu. Tukiwapigia magoti tunawaombea."

Alicheka mpaka akakohoa. Daktari kijana aliandika kitu, na nikawaza, basi, huyu hajui utani wetu na Wagogo, ameandika kwamba nimemtukana mgonjwa. Nikataka kuinuka haraka nianze kazi. Ndipo nikaona miguu.

Alivaa katambuga, zile ndala za matairi zinazopigiliwa misumari. Pembeni ya ile ya kulia mpira ulikuwa umelowa, mweusi unaong'aa, na nzi mmoja ametua hapo akiwa hana wasiwasi. Aliyesimama asingeona, kwa sababu mgolole ulishuka mpaka vifundoni.

"Babu, kiatu hiki hakikuumi?"

"Hakiumi. Siku hizi miguu yangu mizuri sana. Hata nikikanyaga mwiba sisikii."

Alisema kwa fahari. Mimi mwili ulinisisimka.

Nilijua saa inakwenda. Nilijua nimeambiwa kifua, na nikibaki na mguu kifua kitanipita, na nikikosa kifua nimerudi kwenye jembe. Naomba msinisifu kwa nilichofanya, kwa sababu sikufikiri kwa ushujaa wowote. Nilishaona, na ukishaona huwezi kujifanya hujaona.

"Niruhusu nikivue."

Kiatu hakikutoka. Nikakilegeza polepole, na kilipoachia, msumari wa kile kiatu ulitoka pamoja nacho, ukichomoka ndani ya unyayo wake. Ulikuwa umetoboa mpira na kuingia mguuni, na yeye alikuwa akitembea juu yake, sijui tangu lini, bila kusikia. Kidonda chake kilikuwa na kina. Mzee Chidawali aliinama kukiangalia, akauliza hicho ni cha nani.

Kiti cha Profesa kikasikika kinasogea.

Nikaendelea. Nikamgusa vidole vya miguu akiwa amefumba macho, hakujua ninagusa kipi. Nikapapasa nyuma ya kiwiko kutafuta mshipa wa fahamu uliovimba, nikatafuta mabaka kwenye ngozi, nikikumbuka ukoma. Hakukuwa na kitu. Nikamuuliza kuhusu kiu. Akasema maji anayokunywa siku hizi hata ng'ombe watamwonea wivu. Mkojo? Usiku halali. Na mgolole ule, akasema, zamani ulimzunguka mara moja tu, siku hizi unamzunguka mara mbili.

"Muda umekwisha," akasema mwenye saa.

Kifua cha mzee sikukigusa hata kwa kidole.

Nilisimama kutoa maelezo. Kifaransa kilikuja mpaka kwenye ulimi, nikakisikia kinavyosukuma. Nikausugua mkono Shangazi alipokuwa akipiga, nikavuta pumzi, nikaanza kwa Kiswahili: "Mzee huyu ana kikohozi ambacho sijakipima." Kisha Kiingereza kikafuata chenyewe, nikaeleza kidonda, ganzi, na kwamba ninadhani ni ugonjwa wa sukari, apimwe leo hii, asirudi nyumbani na mguu ule. Profesa alikuwa amechuchumaa mbele ya mzee, miwani mkononi, anautazama msumari.

Nje nilimkuta Shangazi kwenye benchi.

"Wamekupiga?"

"Sijui, shangazi. Sijapima kifua."

Nikalia pale pale, bila kujali nani ananiona. Nilikuwa nimefanya kazi ya daktari, na nilikuwa na hakika nimeshindwa mtihani wa udaktari. Mugisho alitoka kwenye mtihani wake akakaa upande wa pili, akanipa leso.

Kabla hatujaondoka, Profesa alipita kwenye korido. Nikainuka. Akasimama.

"Mzee amelazwa. Sukari yake iko juu sana. Tulimleta kwa ajili ya kifua, hatukujua habari ya mguu." Alitaka kuendelea na safari yake, akageuka. "Ile ilikuwa salamu?"

"Ndiyo, Profesa. Kwetu ndivyo."

"Na kwetu Muleba pia," akasema. "Mimi niliiacha zamani."

Akaenda. Sikujua hiyo ni habari njema au mbaya, na Mugisho naye hakujua, ingawa tuliijadili kwa lugha mbili.

Kurudi, na kondakta mwenye sauti

Tulirudi pamoja siku matokeo yalipotarajiwa kutumwa. Simu yangu ilikuwa imezima, nikampa kondakta aichaji kule mbele kwa dereva. Kusema kweli nilifurahi iwe mbali. Njiani Mugisho alitusimulia mtihani wake. Alipewa mama aliyesema anasumbuliwa na mchango.

"Nikakumbuka ngiri ya yule papa. Nikamuuliza: mchango gani, mama, wa harusi ao wa tumbo?"

"Akasema?"

"Alicheka, watahini nao wakacheka, halafu akanieleza kila kitu. Hata ambayo sikuuliza."

Tulikuwa tumeiacha Manyoni simu ya Mugisho ilipolia. Akasoma, akasoma tena, akanipa nisome mimi. Amefaulu. Shangazi alimkumbatia mpaka shati likakunjamana. Nilimpongeza kwa moyo wote, na wakati huo huo nikajua ujumbe wangu nao ulikuwa umeshafika, kule mbele, na sikuweza kuinuka kuufuata.

Sikuhitaji. Kondakta alikuwa na sauti ya kuita abiria stendi nzima na hakujua kuipunguza.

"Nani Minza? Minza wa michembe yuko wapi? Hapa wanasema..." akasogeza simu karibu na macho, na basi zima likanyamaza kumsikiliza. "Wanasema umefaulu! Sasa umefaulu nini?"

Nilipiga kelele. Shangazi alipiga vigelegele, na Shangazi akipiga vigelegele hata ng'ombe wa mbali wanageuka. Abiria wasiojua tumefaulu nini wakapiga makofi, dereva akapiga honi mpaka tukaingia Singida. Hapo kituoni Mugisho alinunua kuku wa kienyeji wawili wa kuchoma, tukala na basi zima, mafuta mpaka viwikoni. Sijawahi kula kuku mtamu kama yule na sitarajii.

Nkoma

Hivi karibuni ninaanza kazi hospitalini, chini ya madaktari wakubwa, kama inavyotakiwa. Mugisho naye ameitwa, na mke wake amejifungua mtoto wa kike. Shangazi ndiye aliyempeleka Maswa debe la michembe, akarudi akithibitisha kwamba bibi kweli ni mdogo.

Lakini mnachotaka kujua ni siku niliyofika nyumbani. Watu walikuwa wamejaa uani. Baba alisimama mlangoni, akaniangalia, akaingia ndani, akatoka na lile jembe na kumpa mdogo wangu. Watu wakacheka. Mimi nikageuka kumeza machozi.

Bibi Holo alikuwa amekaa kwenye kigoda mbele kabisa, kitambaa mguuni ni kile kile. Shangazi alisimama nyuma yake, mikono kiunoni, macho yako pale pale yanapokaaga. Nikaenda. Nikapiga magoti, yote mawili, mbele ya ukoo mzima, na safari hii niliyaagiza mwenyewe.

"Mwadila, mayu."

"Mwadila, ng'wanone," akanijibu, yaani mwanangu. Akanitazama vizuri. "Wamekuruhusu?"

"Wameniruhusu."

Aliunyoosha mguu wake mpaka ukafika kwenye mapaja yangu, akajiegemeza nyuma, na mimi nikaanza kukifungua kitambaa.